Mwenyekiti wa Mbiu

Ijumaa, 30 Mei

Siku kubwa. Dada Mwanahawa anaachia ngazi. Ameandika leo baada ya sala ya Ijumaa kwenye ukurasa wetu wa mapendekezo, kwa maneno machache kama mtu anayeaga kwenda sokoni. Anasema ujauzito umekuwa mkubwa, shule anafundisha kutwa huko Kondoa, na hawezi tena kubeba kauli ya mwisho ya Mbiu. Hateui mrithi. Tuamue wenyewe kwa desturi yetu.

Niandike hapa Mbiu ni nini, maana shajara hii huenda siku moja ikasomwa na watu wa makumbusho. Ni programu inayopeleka matangazo kwenye simu za watu vijijini kwa ujumbe mfupi. Msiba, kikao, chanjo ya mbuzi, pampu ya maji kugoma. Aliianzisha Dada Mwanahawa. Ni programu huria, yaani haina mwenyewe. Maandishi yake yako wazi, anayetaka anayachukua na kuyatengeneza. Hakuna anayelipwa. Watu wa Kondoa wameizoea mno, siku hizi hawapigiani hata simu za msiba. Wanasema Mbiu itafika.

Tunaojitolea tuko wanne. Dada Mwanahawa mwenyewe. Yotham, kijana wa Mlali. Lea, anayesoma chuo hapa Dodoma. Na mimi, Uwesu, mwenye steshenari Area D. Michango ya wenzangu ni ya ndani ndani, haionekani. Mimi ndiye niliyeweka rangi ya kijani. Mtendaji wa kijiji akifungua Mbiu aandike tangazo, kitu cha kwanza anachokiona ni kazi yangu.

Desturi yetu ni hii. Mwenye pendekezo analiweka Ijumaa. Likikaa hadi Ijumaa ya pili bila mtu kulipinga, limepita. Mmoja akilipinga kwa sababu, linarudi mezani. Dada Mwanahawa aliiga kwa masheikh wanavyomuuliza mwali siku ya ndoa. Akinyamaza, amekubali.

Kauli ya mwisho lazima iwe yangu. Naishi mji uliojaa wakurugenzi, makamishna na makatibu, nami mlangoni kwangu pameandikwa Fotokopi Hapa. Shuleni sikuwahi kuwa hata kiranja wa choo. Inatosha.

Shangazi Salha, ninayekaa kwake, hakushtuka nilipompa habari. Mawazo yake yote yako Kondoa kwa Bi Jaha, ndugu yake wa kunyonya, anayeumwa tangu Ramadhani. Walinyonya ziwa moja. Waliahidiana tangu usichana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake, asiguswe kwanza na mkono mwingine. Ameshakwenda kumuuguza, karudi kwa sababu ya magoti. Sasa simu haimtoki mkononi, anasubiri Mbiu. Chaja anayotumia ni yangu. Nimelalamika. Kajifanya hasikii.

Jumamosi, 31 Mei

Tathmini ya wapinzani. Yotham ndiye tishio. Anaijua programu nje ndani. Udhaifu wake ni itifaki. Kwenye kikao cha video alikuja kifua wazi, ametoka kupura mtama.

Nimempigia kumpima. Nikamuuliza kwa mbali anaionaje nafasi inayoachwa na Dada Mwanahawa. Akasema haoni nafasi, anaona kazi, na kazi tayari tunagawana. Mjanja sana huyu. Mtu asiyetaka cheo ni wa kuogopwa, maana anaweza kupewa.

Lea naye kasema ana mitihani. Kisha akashauri kauli ya mwisho ishikwe na watu watatu, wakitofautiana wapige kura. Nikamwambia wazo zuri, nitalifikisha panapohusika. Sijui panapohusika ni wapi, lakini halitafika.

Jumanne, 3 Juni

Mkakati umekamilika. Pendekezo langu ni fupi: Mbiu iwe na Mwenyekiti, Mwenyekiti awe Uwesu. Nilifikiria kulipamba nikaona mapambo yataleta maswali.

Siri iko kwenye siku. Jumamosi ni Idi. Nikiliweka Ijumaa, watu watakuwa kwenye nyama, wageni na nguo mpya. Wiki nzima inakwenda hivyo. Nani atakumbuka kupinga akiwa na ubavu wa mbuzi mkononi?

Mchana nimefunga duka nikaenda mjini kwa fundi mihuri. Ofisi bila muhuri ni genge. Fundi akauliza ni shirika gani, limesajiliwa wapi. Nikamwambia ni la kimataifa. Akauliza tunapiga muhuri kwenye karatasi za aina gani, achague wino. Nikamwambia hatutumii karatasi, kazi yetu yote iko kwenye kompyuta. Aliniangalia kwa muda, akachagua wino wa bluu. Umetoka mzuri kweli. Mviringo, katikati tarumbeta, pembeni Ofisi ya Mwenyekiti. Nimeujaribu kwenye kiganja, hautoki kwa sabuni.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeliweka. Sasa ni kusubiri.

Baadaye. Balaa. Nimekaa nakunywa chai ndipo ikanijia kwamba Yotham ni Mwanglikana. Lea mama yake ni mzee wa kanisa. Wao kesho hawana Idi! Watakaa nyumbani na simu zao, hawana la kufanya ila kusoma mapendekezo. Nilifanya hesabu za waumini bila kuwahesabu waumini wengine.

Dawa moja tu. Nimewaalika wote wawili kula Idi kwa Shangazi. Wamekubali hapo hapo. Shangazi kafurahi, kasema afadhali nyumba ichangamke, yeye peke yake moyo unamwenda mbio kila simu ikiita.

Jumamosi, 7 Juni. Idi

Wamekuja. Yotham katoka Mlali asubuhi na karanga mbichi za kutosha mtaa. Kamwamkia Shangazi kwa adabu zote, hadi Shangazi akaniuliza pembeni kwa nini rafiki zangu wengine hawako hivi.

Mimi nilikuwa kazini. Kila mkono wa Yotham ulipokaribia mfuko wa simu, nilimwongezea pilau. Akisema ameshiba, nilimwambia kwetu mgeni hashibi mapema. Mara moja simu ikalia. Aliitoa kabla sijafika na sinia. Akasoma. Akaniangalia. Akaangalia sahani, ambayo nilikuwa nimeipandisha kilima. Akairudisha simu mfukoni, akaomba pilipili. Pengine ulikuwa ujumbe wa mama yake.

Lea alishinda jikoni na Shangazi. Shangazi kamsimulia habari zote za Bi Jaha na ile ahadi ya kuoshana, na Lea akamwekea Mbiu mlio mkubwa wa peke yake ili asiikose hata akiwa uani. Shangazi alimshukuru hadi machozi yakamlenga. Nilifurahi kuona mtandao wetu unavyopendwa na wananchi.

Ijumaa, 13 Juni

Limepita. Ijumaa hadi Ijumaa, hakuna aliyeinua mdomo. Nimeufungua ukurasa mara nyingi wiki hii kuliko nilivyofungua duka. Kimya. Kimya cha heshima. Sikujua kama nakubalika kiasi hiki.

Dada Mwanahawa kanikabidhi funguo za Mbiu kwa mstari mmoja. Mungu akusaidie, kaka yangu. Nimeurudia rudia nikitafuta kejeli. Sikuiona.

Nimemwambia Shangazi kwamba anakaa na Mwenyekiti. Akauliza kama matangazo yataendelea kufika. Nikamwambia yatafika kwa heshima zaidi. Akasema heshima si shida, yafike tu.

Jumatatu, 16 Juni

Leo nimetoa Waraka wa Kwanza. Zamani marekebisho yoyote yakitazamwa na watu wawili na wote wakaridhika, yaliingizwa kwenye programu siku hiyo hiyo. Uhuni mtupu. Kuanzia leo kila marekebisho yataombwa kwa barua inayomtaja Mwenyekiti kwa cheo chake. Yatasubiri kikao cha Jumapili. Yakipita kikaoni yatapata kibali, na kibali kitakuwa na muhuri.

Nimeuchapa, nimeupiga muhuri, nimeupiga picha, nimeuweka ukurasani. Kisha nikabadili funguo za wote. Sasa anayeweza kuingiza kitu ndani ya Mbiu ni mimi peke yangu.

Hakuna aliyejibu. Wameridhika. Ninaanza kuipenda desturi hii.

Alhamisi, 19 Juni

Kampuni moja ya simu imebadili mitambo yake bila kutuuliza. Tangu jana wateja wake hawapati matangazo ya Mbiu. Hayarudi, hayalalamiki, yanapotea tu. Yotham kaligundua alfajiri. Kufikia mchana alikuwa ameshatengeneza dawa, Lea kaijaribu, inafanya kazi. Imebaki kuingizwa.

Sasa sikiliza alivyoandika. Kaka, naomba uingize hii leo, watu hawapati matangazo. Kaka! Waraka haujakauka wino. Si Ndugu Mwenyekiti, si Mheshimiwa, wala hata Bwana. Nimemjibu kwa barua rasmi kwamba maombi yake yamepokelewa, lakini hayakuzingatia utaratibu, ayalete upya. Akajibu neno moja. Sawa. Hakuyaleta.

Mimi sina kinyongo na mtu. Lakini nikimwachia huyu leo, kesho Lea ataniita Uwesu.

Jambo moja linanikera. Laini ya Shangazi ni ya kampuni hiyo hiyo. Nilisimama mlangoni kwake nikitaka kumwambia apige simu Kondoa mwenyewe siku hizi mbili tatu. Alikuwa anaifuta simu kwa upindo wa khanga. Nikaona kumwambia ni kutangaza kwamba kuna tatizo, na ofisi bado haijatoa taarifa. Nikamuuliza kama kuna chai.

Jumapili, 22 Juni

Kikao cha kwanza. Niliandaa ajenda, nikavaa koti, nikafungua video nikiwa dukani chini ya picha ya ramani ya Tanzania. Wajumbe hawakutokea. Lea kaomba radhi, mtihani kesho. Yotham hakuomba kitu.

Nikiwa nasubiri akidi, akapiga Dada Mwanahawa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehema. Baada ya salamu akasema wanakijiji wanalalamika, watu wameanza kukosa vikao na misiba, naomba uingize tu ile kazi ya Yotham, hayo mengine tutayazungumza. Nikamweleza kwamba natamani sana, ila maombi hayajaletwa ipasavyo, na nikiuvunja waraka wangu wa kwanza nani ataheshimu wa pili. Akanyamaza kwenye simu. Nikasubiri. Akaendelea kunyamaza, kisha akaniaga vizuri. Kwenye muhtasari nimeandika kwamba Muasisi alielezwa msimamo wa ofisi na hakuupinga.

Kikao kimeahirishwa hadi Jumapili ijayo kwa kukosa akidi. Muhtasari nimeupiga muhuri.

Jumatano, 25 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa bado ndani. Akaja Bi Hamida, jirani yetu wa nyumba ya pili, ameshuka tu kwenye basi la Kondoa, mkoba bado begani. Akaingia hadi uani, akamkumbatia Shangazi na kuanza kulia, akisema pole, pole dada yangu. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Akamuuliza pole ya nini.

Bi Jaha alifariki jana alfajiri. Amezikwa jana hiyo hiyo baada ya alasiri. Watoto wake walipeleka Mbiu palepale kwa watu wote, na kwa Shangazi kwanza kabisa. Bi Hamida alisema walimsubiri. Maiti walimfunika, wakakataa asioshwe, wakituma mtoto barabarani kila basi la Dodoma likiingia. Wakampigia na simu, haikupokelewa, wakasema basi yuko njiani. Adhuhuri ilipopita masheikh wakasema haifai tena kumchelewesha. Wakamwosha wanawake wengine.

Ile simu waliyompigia niliisikia. Iliita uani, Shangazi akiwa bafuni. Namba ngeni, mlio wa kawaida. Shangazi aliiona baadaye hakuijali, kwa sababu haukuwa ule mlio aliowekewa na Lea.

Shangazi hakulia. Aliileta simu, akanipa, akaniomba nimwonyeshe ujumbe uliko, maana yeye macho hayaoni vizuri. Nikatafuta. Nikajifanya natafuta zaidi. Akaniuliza kama Mbiu imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, kuna marekebisho yanasubiri kibali. Akauliza kibali cha nani. Nikasema cha ofisi. Akauliza ofisi iko wapi, kwa nini hakuambiwa akaiombe mwenyewe. Nikasema ofisi ni mimi.

Aliingia ndani kutafuta khanga. Nilijitolea kumpeleka stendi. Akasema anajua njia. Kaenda na magoti yake hayo hayo hadi kwenye bajaji, Bi Hamida kamshika mkono.

Nimeumia. Naandika wazi, nimeumia sana. Bi Jaha alikuwa akinifichia kashata kwenye upindo wa khanga nilipokuwa mdogo, na leo nimekaa mbele ya mchele ambao haukumalizwa kuchambuliwa na sijui hata niuweke wapi.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeamua kuingiza kazi ya Yotham bila barua, kwa dharura. Ofisi ina moyo. Nikafungua ukurasa. Haipo. Ameiondoa tangu Jumatatu.

Nikapekua zaidi. Hapo ndipo nikayaona. Jumatatu hiyo hiyo Yotham, Lea na Dada Mwanahawa waliinakili Mbiu yote, neno kwa neno, wakaipeleka mahali pengine. Wameiita Wito. Dawa ya Yotham wameiingiza siku ya kwanza. Wanahamisha kijiji kimoja kimoja. Mlali walihama Jumatatu jioni. Kondoa ilipangwa leo.

Leo. Yaani Bi Jaha angejikaza kidogo. Au wao wangeanzia Kondoa. Niliona hasira inanipanda. Waliona moto wakaokoa kwanza nyumba ya Yotham!

Nikasoma masharti ya programu huria nikitafuta kifungu cha kuwashtaki. Hakuna. Ruhusa ya kunakili iko mstari wa juu kabisa, na imeandikwa kwa furaha. Kila mtu anaweza kuchukua vyote akaondoka, na anayebaki na funguo anabaki na funguo.

Nimebaki Mwenyekiti. Programu ipo, rangi ya kijani ipo. Watu ndio hawapo.

Ijumaa, 27 Juni

Dada Mwanahawa amepiga. Kaanza kwa kunipa pole ya Bi Jaha, nami nikampa pole. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nikamuuliza kwa nini hawakupinga pendekezo langu kama hawakunitaka. Akacheka kwa uchovu, akasema wote walilisoma. Yotham alilisoma palepale kwa Shangazi, sahani iko mbele yake, akaona si utu kumpinga mtu unayekula chakula chake, tena siku ya Idi, na baada ya hapo kila alipotaka kuandika alikumbuka ile pilau. Lea alijua Yotham atapinga. Yeye mwenyewe Mwanahawa alitaka kupinga, akaogopa wataona ameng'ang'ania kiti alichokwisha kukiaga. Kosa ni letu sote, akasema, tuliweka sheria ya watu wasioona haya, na sisi tunaona haya. Kwenye Wito wameibadili. Kimya sasa hakipitishi kitu. Lazima kila mtu aseme kwa mdomo wake naafiki au siafiki.

Kisha akanialika. Kuna watu wengi wanaopiga kuuliza kwa nini ujumbe haukuwafika, anahitajika mtu wa kuwasikiliza na kuwaomba radhi. Alidhani mimi ningeifanya vizuri. Nikamwambia nitatafakari.

Nimetafakari. Somo nililolipata ni kubwa. Ile pilau ilifanya kazi kuliko nilivyojua. Wakati mwingine nialike hadi watu wa Kondoa.

Jioni Shangazi amerudi. Amekonda kwa siku mbili. Nilimpokea mkoba, nikamwandalia maji. Alipokaa nikasimama mbele yake nikasema niliyokuwa nimeyapanga. Kwamba limetokea pengo la kiutaratibu. Kwamba ofisi imelipokea kwa masikitiko. Kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kubebeshwa lawama, kwa kuwa wajumbe hawakuhudhuria kikao. Na kwamba namwomba anisamehe.

Alivua viatu, akaingia kusali.

Ijumaa, 4 Julai

Nimejiunga na Wito. Kwa masharti. Kazi ya kujibu watu nitaifanya, ila iwe na jina, maana mtu akikuuliza wewe ni nani huwezi kusema mimi ni wa kuomba radhi. Nimependekeza Mkurugenzi wa Mawasiliano na Umma. Hadi sasa hakuna aliyesema naafiki. Hakuna aliyesema siafiki pia. Kwa desturi ya zamani ningekuwa nimeshaapishwa. Hii sheria yao mpya inachelewesha maendeleo, nimeanza kuandika pendekezo la kuifuta.

Jana nimejibu watu wa kwanza. Mama mmoja wa Kondoa alikosa habari ya kikao cha shule. Mzee mmoja alikosa chanjo, mbuzi wake wamekufa. Niliwaambia tumelipokea. Wakauliza nani kalipokea. Nikawaambia Mkurugenzi, ili kuokoa muda.

Nyumbani mambo yametulia. Shangazi anapika, ananiwekea chakula changu, anafunika kwa kawa, anaondoka. Hanisemeshi. Simu yake ameizima, iko juu ya kabati, na chaja yangu amenirudishia bila neno, kaizungusha vizuri na uzi. Usiku namsikia akimwombea Bi Jaha dua ndefu. Mchana akitandika mkeka uani anakaa ameelekea ukutani.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda nikakaa karibu naye kwenye mkeka. Nikamkumbusha kwamba wiki imetimia tangu nilipomwomba msamaha, na kwamba kama ana lolote la kupinga, huu ndio wakati. Nikasubiri. Aliendelea kushona ushungi wake, machozi yakimdondokea kwenye kitambaa, anayafuta kwa mgongo wa mkono na kuendelea. Nilikaa hapo hadi adhana ya alasiri, nisije nikaambiwa sikumpa nafasi.

Hakusema kitu. Naandika hapa kwa kumbukumbu: Shangazi amenisamehe, kwa kauli moja.